Kilima Nilichokiinua Peke Yake

Kwanza acheni kupaka kijani kila mahali. Wiki iliyopita nyinyi vijana mliniletea ile meza yenu mpya ya kuchezea vita niitazame, nikavaa miwani, nikaizunguka mara mbili, na nilichokiona ni zulia. Ardhi ya Pemba ni nyekundu panapokatwa njia, nyeusi bondeni panapolimwa mpunga, na ya kijivu kule pwani penye mikoko. Kijani ni nguo tu iliyovaa. Anzeni na udongo, kijani kije mwisho, tena kwa kubania. Haya, nimeshagomba, sasa tuzungumze.

Mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tukitengeneza nchi za mezani zamani, kabla hamjaanza kuagiza askari wa plastiki kwa simu. Mimi Saumu nilifanya kazi miaka thelathini kasoro kidogo kwenye karakana ya vifaa vya kufundishia, pale Mtambile, katika banda refu la bati lililokuwa na joto la kupikia mkate. Tukitengeneza ramani za ukutani, globu za magazeti, abakasi za watoto, na meza za ardhi. Meza ya ardhi ni kipande cha nchi, na milima yake na mabonde yake, kimepunguzwa mpaka kikatosha juu ya ubao wa hatua tatu kwa mbili. Zilikuwa za somo la jiografia. Hii habari ya kupiganisha vita juu yake ilikuja baadaye, na aliyeileta nitamtaja.

Fundi wangu alikuwa Mzee Makame. Kabla ya Mapinduzi, kijana bado, alikuwa akiwashikia wapima ardhi mnyororo, kwa hiyo kusini yote ya kisiwa aliijua kwa nyayo. Nilipomkuta mimi, macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, yule mtoto wa jicho, na hospitali alikuwa akiikwepa kama watoto wanavyoikwepa sindano. Kazi akiifanya kwa vidole. Mwezi wangu wa kwanza hakunipa kisu wala gundi. Kila asubuhi alinifunga kitambaa machoni, akaniwekea mkono juu ya meza iliyokwisha tengenezwa, akaniuliza maji ya mvua yakianguka hapa yatakwenda wapi. Nikikosea, hanambii kitu, ananirudisha mkono pale pale. Nilimchukia mwezi mzima, kisha siku moja vidole vyangu vikaanza kujibu vyenyewe.

Hebu niwape kazi yenyewe, msije mkasema bibi anapiga porojo tu. Tukichukua ramani ya wapimaji yenye mistari ya miinuko, tukikata kadibodi kwa kufuata kila mstari, tukizipandanisha moja juu ya moja, kubwa chini na ndogo juu, mpaka kilima kikawa kama ngazi. Ngazi ile tukiifunika kwa vipande vya magazeti vilivyochovywa kwenye kanji ya muhogo. Hapo ndipo wanaoanza huharibu, kwa sababu kanji ni chakula, na mende wa Pemba hana adabu ya kusubiri kukaribishwa. Meza yangu ya kwanza ililiwa kilima kizima katika wiki mbili. Mzee Makame akanionyesha kutia mrututu kidogo kwenye kanji ikiwa bado moto, ile chumvi ya buluu ya dukani, kisha unanawa mikono kwa sabuni kwa sababu ni sumu. Juu ya magazeti tukipaka udongo wa kichuguu uliochekechwa, umekorogwa na gundi ya seremala. Majani ya mabondeni tuliyapata kwa makumbi ya nazi yaliyotwangwa mpaka yakawa nyuzi fupi, na mapaa ya nyumba kwa makumbi yale yale ila marefu.

Miti je? Msinichekeshe na ile miti yenu ya waya. Tulikuwa na makonyo. Mpemba yeyote aliyechambua karafuu anayajua: ukishaondoa karafuu, kinachobaki mkononi ni kijiti chenye matawi yake yaliyopangika vizuri, mti kamili, wa urefu wa pingili ya kidole, wala hakuna fundi wa duniani atakayeuchonga vile. Msimu wa karafuu watoto walituletea makonyo kwa vikapu. Tukayachovya gundi, tukayazungusha kwenye unga wa mbao uliotiwa rangi, na msitu ukawa tayari kabla ya adhuhuri.

Kwa kuwa nimetaja makonyo, nitawapa kichekesho kimoja cha miaka ya baadaye. Dukani walianza kuuza friji, na kila friji ilikuja imezungushiwa ule ubao mweupe mwepesi unaolia ukiukwaruza. Nikagundua kuwa unakatika kwa kisu kama boga. Nikatengeneza kilima kizuri kwa nusu saa, nikajiona nimeendelea. Mrututu siku zile ulikuwa hauonekani madukani, nami nikajiambia kuwa mafuta ya makonyo hufukuza kila mdudu, basi nitayapaka. Nikayapaka kwa brashi, kwa wingi, kama mtu anayemkanda mzazi. Kilima kikaanza kunywea mbele ya macho yangu. Kikaingia mashimo, kikalainika, kikaanguka upande, na karakana ikanuka kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino. Mafuta ya makonyo yanakula kitu kile. Fundi wa kwingine asingekosea hivyo, maana asingekuwa na chupa ya mafuta ya makonyo chini ya meza. Nyinyi mnayo majumbani, kwa hiyo nawaonya.

Sasa Mwalimu Khatib. Alikuwa kijana wa Mgogoni, akasomeshwa nje, akarudi kufundisha historia. Katika sanduku lake alirudi na mkebe wa biskuti, ndani yake askari wadogo wa madini ya risasi kama arubaini, wamepakwa rangi mpaka vifungo. Alituambia kuwa huko alikokuwa watu wazima wenye familia zao hukaa Jumamosi nzima wakipigana vita mezani. Mzee Makame aliuliza kama watu hao wana mashamba. Lakini nilimwona anampapasa askari mmoja, mkono, bunduki, kofia, na hakumrudisha upesi.

Basi kila Ijumaa baada ya sala, karakana iligeuka uwanja. Kanuni alizotufundisha hazikuwa nyingi. Kutembea kulipimwa kwa uzi wenye mafundo, kupiga kuliamuliwa kwa dadu, na kuona kuliamuliwa kwa uzi usio na fundo. Hii ya kuona ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Ukitaka kujua kama askari wako anamwona adui, unaushika uzi kwenye kichwa cha askari, mwenzio anaushika kwa adui, mnauvuta mpaka unyooke. Ukipita hewani moja kwa moja, anamwona. Ukigusa mti au ardhi, hamwoni. Uzi haugombi na mtu, na mtu hawezi kugombana nao.

Askari hawakutosha, tukayeyusha chubwi za wavuvi, zile risasi za kuzamishia mishipi, tukamimina kwenye kalibu za udongo. Wetu walitoka wamevimba nyuso, lakini walisimama. Sheha, mkuu wa mtaa wetu, alipopata habari kuwa kwa Mwalimu Khatib kuna jeshi, alikuja kutazama, na ni haki yake. Aliondoka magharibi baada ya kushindwa mara mbili, na Ijumaa ya pili alikuwa wa kwanza kufika.

Nifike sasa kwenye kosa langu kubwa, maana ndilo nililoketi kuandika, hayo mengine ni kulizunguka tu.

Nchi yetu haina milima ya maana. Ukiichukua kama ilivyo ukaipunguza juu ya meza, inatoka bapa kama sinia. Kwa hiyo mafundi wote wa meza za ardhi huinua: kila urefu unauzidisha mara mbili ndipo mwanafunzi aone kuwa hiki ni kilima na hili ni bonde. Mzee Makame alikuwa na sharti moja juu ya jambo hilo, na alilisema kila tulipoanza meza mpya. Ukiinua kimoja, inua vyote. Nilimsikia mara mia, nikawa simsikii tena.

Mwalimu Khatib alikuwa na tabia ya kukaa na wavuvi wa Chokocho kuwachimba hadithi. Wakamsimulia ya zamani sana, zama ambazo majahazi ya wezi wa watu yalikuwa yakiingia kwenye hori, ule mkono wa bahari ulio kando ya kijiji. Wanakijiji walimweka mlinzi juu ya Kilima Ndege, wakampa pembe aipulize akiona tanga. Siku moja mchana mweupe wezi waliingia, pembe haikulia, na watu wakachukuliwa wakiwa kwenye kazi zao. Hawakurudi. Mlinzi, wanasema, alikuwa amelala. Jina lake halitajwi, limebaki la utani, Kasinzia, na mpaka siku hizo mtu akizubaa kazini Chokocho aliambiwa amekuwa Kasinzia.

Mwalimu alitaka kujua jambo moja. Kama pembe ingelia, watu wangeweza kuufikia msitu kabla ya wezi? Akaniomba nimtengenezee Chokocho nzima: kijiji, hori, Kilima Ndege, na ule mgongo mdogo wa ardhi unaopita baina ya kilima na hori. Tutacheza mara ishirini, akasema, mara kumi pembe inalia na mara kumi hailii, tuone.

Kwa mara ya kwanza Mzee Makame alikataa kuigusa meza. Alisema macho yake hayawezi, nifanye mwenyewe. Mjinga mimi nikafurahi. Nilidhani ananikabidhi kazi.

Nilipopanga kadibodi zangu kwa kufuata ramani, Kilima Ndege kilinisikitisha. Hiki ndicho kilima cha hadithi, nacho kimekaa kama mgongo wa kobe. Nikakiongeza kadibodi tatu. Mgongo wa katikati niliuacha chini, hata huo uzidishaji wa kawaida sikuutia, kwa sababu askari wetu wa chubwi walikuwa wakiteleza kwenye miteremko na nilitaka wapate pa kusimama. Juu yake nikapanda makonyo kuwa ndiyo mikarafuu, safi kabisa. Kila aliyeiona meza ile aliisifu, na mimi sikumkatiza mtu.

Mwalimu aliwaalika wazee watatu wa Chokocho waje kutazama. Mkubwa wao akiitwa Mzee Shaame, mvuvi, mtu wa maneno. Kabla ya kuanza vita, Mwalimu akataka tuhakikishe kuona. Akaushika uzi juu ya Kilima Ndege, mimi nikaushika kwenye mdomo wa hori, tukauvuta. Ukapita hewani juu ya mgongo, juu ya mikarafuu, haukugusa hata jani.

Mzee Shaame aliinama akautazama, akacheka. "Ntu yuko hapa anaona mpaka ng'ambo," akasema. "Kalala tu, hamna jengine."

Wakacheka wote. Nami nilicheka, nawaambia kweli, kwa sababu meza yangu ilikuwa imefanya kazi. Mzee Makame alikuwa mlangoni akipiga randa kipande cha mbao. Aliiweka randa chini, akapapasa bakora yake, akaondoka bila kuaga mtu.

Jumamosi hakuja, wala Jumatatu. Jumanne nikaenda kwake. Mkewe, Bi Mize, alinikalisha barazani, akasema kwa sauti ya chini kuwa yule mlinzi alikuwa babu yake Makame, mzaa baba. Akiitwa Vuai. Katika waliochukuliwa siku ile alikuwamo dada yake mwenyewe Vuai, kwa hiyo hata nyumbani kwao hakusamehewa. Alikufa hasemeshwi na mtu. Baba yake Makame aliwahamisha watoto akawaleta Mtambile ili wasikue wakiitwa wana wa Kasinzia, akakataza jina la Vuai kutajwa ndani ya nyumba. Makame hakupata kumwambia mtu, ila mkewe, kuwa asili yake Chokocho. Miaka yote ile nimefanya naye kazi, sikujua.

Mzee Makame alikuwa ndani, alitusikia. Akasema kutoka chumbani, "Saumu, meza yako nzuri. Mie sina neno na weye."

Nililia njia nzima ya kurudi. Sikuwa na la kutengeneza, maana kosa lenyewe bado sikulijua. Nilijiona nimemfanyia mzee wangu ubaya kwa kazi aliyonifundisha yeye.

Siku ya pili nikabaki peke yangu na ile meza. Sijui kwa nini, nikafunga macho kama alivyokuwa akinifunga, nikaweka mkono. Vidole vikapanda Kilima Ndege, vikashuka, vikavuka mgongo, na mgongo ule vikaupita bila kuuhisi. Nikarudia. Kilima kilikuwa cha pingili tatu na mgongo hauna hata moja. Hapana ardhi ya namna hiyo kusini kwetu. Nikafungua macho, nikahesabu kadibodi, nikaliona kosa langu.

Nikamkimbilia Mwalimu Khatib skuli, nikamweleza mbele ya darasa, sikungoja atoke. Nilidhani ataghadhibika. Yeye macho yakamng'aa. Nikataka nirudi kwenye ramani nirekebishe, akanizuia: ramani yenyewe mistari yake imeachana sana kwa vilima vidogo kama vyetu, twende tukapime. Nikamuuliza kwa nini tusipande tu Kilima Ndege tukatazama. Tulipofika Chokocho nikapata jibu. Kilima chote sasa ni mikarafuu, ukisimama juu unaona majani ya jirani yako basi. Zamani kilikuwa kitupu, ndiyo maana walikichagua. Aliyetaka kujua mlinzi aliona nini ilibidi aikate mikarafuu ya watu, au atengeneze meza ya haki.

Tulipima kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa nyumba. Mpira mrefu unaoonyesha ndani, umejazwa maji, mmoja ameshika ncha hii kwenye fimbo yenye alama na mwengine ncha ile. Maji yanakaa sawa pande zote mbili, nawe unasoma tafauti ya ardhi kwenye fimbo. Ni kazi ya kuchosha, hatua ishirini kwa hatua ishirini, kutoka hori mpaka kileleni, na ilituchukua jioni sita. Mzee Shaame alijitolea kutushikia fimbo. Akaniuliza mbona tunapima wakati meza ilishakwisha, nikamwambia nilikosea kidogo. Alinishikia fimbo kwa uaminifu jioni zote sita, akinitania kuwa mwanamke wa Mtambile hajui kupanda mlima.

Nilizikata kadibodi tatu za Kilima Ndege kwa msumeno. Mgongo nikauinua kwa kipimo kile kile nilichokiinulia kilima, si zaidi wala si pungufu. Kisha nikayatazama makonyo. Yalikuwa mafupi mno, mkarafuu mzima wa Pemba unalipita paa la nyumba mara tatu, na mimi nilikuwa nimepanda vichaka kwa sababu konyo halirefuki. Nikafunga mawilimawili kwa uzi, na kipimo cha kuyainua kikawa kile kile cha ardhi. Wazee walishatuambia kuwa mikarafuu ya mgongo ule ilikuwako tangu zama hizo, ilikuwa ya kwanza kupandwa upande ule.

Meza ikawa tayari, nami sikuuvuta uzi. Mwalimu alinibembeleza, nikakataa. Niliogopa. Uzi ukipita tena hewani, basi Vuai kahukumiwa mara mbili, na mara ya pili kwa haki.

Nilikwenda kwa Mzee Makame nikamwambia kila kitu, nikiwa nimekaa chini mbele yake. Nilimwambia niliinua kimoja sikuinua vyote. Sijui uzi utasema nini, nikasema, lakini safari hii ardhi ni ya kweli. Akitaka tuuvute sisi wawili tu, tutauvuta, na akitaka tuivunje meza bila kuuvuta, nitaivunja. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, hapepeti.

"Waite wale wale," akasema.

Ijumaa ile wazee watatu wakarudi, na Sheha, na wachezaji wetu wote. Nikasimama mbele yao nikasema kosa langu, kadibodi kwa kadibodi. Mzee Shaame alinung'unika kuwa kwa hiyo alishikishwa fimbo bila kuambiwa sababu. Mwalimu akamsimamisha askari mmoja kileleni, akaushika uzi kichwani mwake. Mimi nikaushika kwenye mdomo wa hori. Mzee Makame akasogea, akauweka uzi baina ya vidole viwili, akaanza kuufuata kutoka kileleni kuja chini, polepole.

Katikati ya njia vidole vyake vikasimama. Akauliza hapa pana nini. Nikamwambia mikarafuu ya mgongoni. Akasema niiondoe. Niliing'oa yote, mmoja mmoja, gundi bado mbichi, tukauvuta uzi tena. Vidole vikaondoka kileleni, vikashuka, vikasimama pale pale.

"Na hapa?"

"Ardhi, Mzee."

Mzee Shaame alimsogeza Mwalimu kwa bega, akaweka kidole chake mwenyewe. Kisha akamhamisha askari upande wa pili wa kilele. Uzi ukagusa ardhi. Akamshusha kidogo, akamsogeza kusini, akampandisha juu ya paa la kibanda nilichokiweka pale kama pambo. Wenzake wawili nao wakaingia, kila mmoja akitaka kujaribu pahala pake, na Sheha akasahau cheo chake akapiga magoti kutazama kwa jicho moja. Walijaribu kilima kizima. Hapakuwa na mahali juu ya Kilima Ndege ambapo mtu angeuona mdomo wa hori. Alichoweza kuona ni bahari ya mbali, upande ambao wezi hawakupita.

Nataka mnielewe vizuri, kwa sababu nyinyi hupenda kusema meza imethibitisha hiki na kile. Meza haikusema kuwa Vuai hakulala. Ilisema kuwa hata angekuwa macho, ameshika pembe mdomoni, asingewaona.

Mzee Shaame alikuwa bado amemshika askari. Alimgeuzageuza, akamweka juu ya mgongo wa katikati, akauvuta uzi yeye mwenyewe. Ukapita hewani mpaka hori.

"Kumbe sie ndio tuliomweka pabaya," akasema.

Hapo Mzee Makame akasema alichokuwa hajakisema mbele ya watu maisha yake yote, kuwa yule alikuwa babu yake, jina lake Vuai. Mmoja wa wazee akaanza kumtaka radhi kwa utani wa kijiji, kwa vicheko vya siku ile, na mkono wa Mzee Makame ukamkatiza.

"Si nyie," akasema. "Nyie mlisema kalala, na mie nikaamini. Mjukuu wake. Miaka yote hino sijamsomea hata Fatiha moja."

Alikuwa akilia na hakujificha. Mzee Shaame alimsogelea, akamshika mkono, akamwambia kaburi analijua lilipo, liko nyuma ya kisima cha zamani, wao hulipita kila siku, na kama yuko tayari twende sasa hivi kabla jua halijakwenda.

Tukaenda na gari ile ile iliyowaleta. Kwetu wanawake hatuingii makaburini, kwa hiyo mimi na Bi Mize tulibaki njiani, nyuma ya ua wa minyaa, hatuoni kitu. Tulisikia jembe likikwatua magugu. Kisha tukasikia sauti ya Mzee Makame peke yake, inaanza, inakatika, inaanza tena. Sauti ya Mzee Shaame ikaingia kumsaidia, na za wenzake, mpaka wakawa wanaume wote wa gari ile na wengine wa kijiji waliokuwa wakipita na majembe yao, ambao hata hawakujua wanamsomea nani. Bi Mize aliinua mikono, nami nikainua yangu, pale pale njiani, tukaitikia Amin.